Nashinda kazini, mtoto wa mbwa anakojoa mpaka baraza la mwenye nyumba

SWALI

Shikamoo shangazi. Mi msomaji wako wa Makorora hapa Tanga. Mwezi uliopita kaka yangu alinipa mtoto wa mbwa, sa hivi ana miezi miwili na nusu, namwita Popi. Shida ni kwamba nauza duka la vifaa vya ujenzi kule Ngamiani, natoka saa 1 asubuhi narudi saa 11 jioni, na naishi peke yangu chumba na sebule nyumba ya kupanga. Nikirudi mkojo kila mahali, na juzi kavuka mpaka baraza la bi mkubwa mwenye nyumba kakojolea mkeka wake wa kuswalia. Bi mkubwa alisema kwa upole tu lakini nimeona kakwazika sana. Jirani mmoja kanambia nimsugue pua kwenye mkojo wake, mwingine kasema asubuhi nisimwachie maji, nimefanya vyote hola, siku hizi nikifungua mlango anakimbilia uvungu wa kitanda. Sasa namfunga kamba uani kutwa nzima. Nifanyeje, sitaki kumrudisha.

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili na nimemwonea huruma Popi na bi mkubwa pia.

Popi si mkaidi, kibofu chake ndo kidogo. Wafugaji wana hesabu yao ya makadirio, unachukua umri kwa miezi unaongeza moja, ndo masaa anayoweza kubana mchana, yani huyo wako ni masaa matatu, ikizidi sana matatu na nusu. We unaondoka masaa kumi. Hata umfundishe vipi hawezi, kwa hiyo kwa sasa usitegemee abane mpaka urudi, mpe mahali halali pa kukojoa ukiwa haupo, alafu mafunzo yenyewe uyafanye yale masaa uliyopo nyumbani.

Hiyo ya kumsugua pua acha kabisa tafadhali. Mbwa haunganishi adhabu ya saa 11 jioni na mkojo wa saa 4 asubuhi, anachojifunza ni kwamba mlango ukifunguka anaumizwa, ndo maana anakimbilia uvunguni, wala si kwamba anajua kosa lake. Na ubaya wake ni kwamba mbwa aliyeogopeshwa hivyo anaacha kukojoa mbele yako, ukimtoa nje anabana tu, akirudi ndani anatafuta nyuma ya kabati. Maji nayo usimnyime, joto letu hili la Tanga unalijua mwenyewe, kiumbe mdogo vile anaweza kukauka maji mwilini siku moja tu.

Sasa mpangilio. Sebuleni mzibie kona kwa mbao au mabati, dukani kwako hukosi vipande, upande mmoja weka gunia la kulalia na maji, upande wa pili mbali na gunia weka karai pana au trei yenye udongo na majani kidogo juu. Mtoto wa mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala akiwa na pa kwendea. Wengi wanatandika magazeti au matambara, mi sipendi, kwa sababu mbwa anazoea anachokanyaga akiwa anakojoa, akizoea kitambaa basi kwake mkeka ni choo tu. Akizoea udongo na majani, baadaye uani atajua mwenyewe pa kwenda.

Mchana tafuta mtu. Makorora na Ngamiani si mbali, ukipanda baiskeli saa 7 unafika, unamtoa, unampa chakula na kurudi dukani. Bosi akikataa, ongea na kijana wa jirani unayemwamini umpe chochote kwa wiki, kazi yake dakika kumi na tano tu.

Chakula kiwe cha saa maalumu, umri huo mara tatu kwa siku, usiache bakuli limejaa kutwa. Amka mapema, saa 12 mtoe kabla ya kitu chochote, mlishe, alafu mtoe tena maana haja kubwa huja ndani ya nusu saa hivi baada ya kula. Jioni na wikendi mtoe kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akimaliza kucheza, na ukiona ananusanusa chini anazunguka usimalizie simu, mbebe utoke naye. Peleka palepale kila siku, subiri kimya, akimaliza tu hapohapo mpe dagaa mmoja na umsifie. Ukichelewesha mpaka mrudi ndani hajui unamlipa nini.

Alipokojoa osha kwa sabuni kisha pitisha siki uliyoizimua na maji, harufu ikibaki atarudi palepale. Usitumie dawa yenye amonia, inanukia kama mkojo, na siki usiichanganye na dawa za klorini, mvuke wake ni sumu.

Bi mkubwa nenda kamwone mwenyewe, usitume mtu. Waislamu wengi wa pwani yetu ni Shafii, kwao mate na mkojo wa mbwa ni najisi nzito, kilichoguswa kinaoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo, kwa hiyo mkeka wake ule si jambo la kufuta na tambara. Omba radhi, jitolee kumnunulia mwingine, mwonyeshe ile kona utakayomweka Popi, na mkubaliane njia ya kumtolea isiyopita barazani wala kwenye bomba. Kinyesi zoa kila siku ufukie mbali, minyoo ya mbwa inaambukiza watoto wanaochezea mchanga.

Umri wake anatakiwa dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu, na hapo achanjwe kichaa cha mbwa, chanjo zingine mwulize daktari wa mifugo sasa hivi. Akikojoa matonematone kila mara au ukaona damu, hiyo si tabia, mpeleke.

Usiku kwa sasa mtoe mara moja katikati. Wengi wanatulia miezi minne mpaka sita, wengine zaidi, usimpime na mbwa wa mtu. Ile kamba ifungue leo, mtoto wa umri huo anajinyonga nayo kirahisi, na hapo alipofungwa analazimika kulalia mkojo wake, akishazoea kuulalia hata ile kona haitamsaidia.