Mprogramu wa geimu anayejitegemea aonyeshe nini? Maswali yenu

Wengi mlioandika safari hii mna shida moja: kazi mnaijua, ila mteja aliye mbali hana pa kuionea.

Nina michezo mingi niliyoianza, hakuna hata mmoja uliokwisha. Niiweke yote? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sasa usiweke hata mmoja. Chukua ulio mdogo kuliko yote, uumalize: uwe na skrini ya kuanzia, sauti, kitufe cha kusitisha, na mahali pa kushinda na kushindwa. Vitu hivyo vinachosha, ndiyo maana mteja huvitazama. Halafu upandishe itch.io, tovuti ya michezo ambako kuweka mchezo ni bure, uchezeke ndani ya kivinjari. Mtu mwenye maombi lukuki mezani hapakui faili la asiyemjua. Hata mimi nisingelipakua.

Kuchora siwezi kabisa. Nimlipe mchoraji?

Hapana. Kenney, mtengenezaji wa picha za michezo, ametoa picha nyingi kwa leseni ya CC0, yaani ruksa kwa yeyote, hata kwa biashara. Andika wazi kwamba picha si zako.

Kila mtu ana mchezo wa kuruka na kuokota sarafu. Mimi nitengeneze upi? (Msomaji, Mombasa)

Ningekuwa wewe ningetengeneza bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake ni mtihani kweli kweli kwa mprogramu: namua (awamu ya kuingiza kete) ina taratibu zake, mtaji (awamu inayofuata) una zake, nyumba (shimo maalumu) ina haki zake, kuna kula na kuna kutakata, yaani kucheza bila kula, na zamu moja inaweza kuzungukazunguka ubao kabla ya kulala. Ziandike sheria hizo mbali na sehemu inayochora skrini, ili uweze kuzipima bila kuufungua mchezo. Weka kitufe cha kurudisha hatua. Kisha weka mpinzani wa kompyuta asiyegandisha simu anapofikiri: skrini ikichorwa mara 60 kwa sekunde, yaani fremu 60, kila fremu ina takriban milisekunde 16 tu, kwa hiyo hesabu zake uzigawe vipande au uzifanyie pembeni.

Chini ya mchezo eleza kwa aya mbili ulivyolitatua hilo, na uweke kiungo cha kodi, yaani maandishi ya programu yako. Mteja wa Ujerumani halijui bao? Mfundishe humo humo ndani ya mchezo. Hiyo nayo ni kazi ya kuonyesha. Ila kabla ya kumtumia, wape simu wazee wa barazani. Ukikosea sheria za nyumba hawatakuficha.

Miaka yote nimefanya kazi za mikataba ya usiri. Nina uzoefu, sina cha kuonyesha.

Mwandikie mteja wa zamani umuulize unaruhusiwa kusema nini sasa mchezo umeshatoka. Mara nyingi jina la mchezo na sehemu uliyoshughulikia huruhusiwa, lakini upate ruhusa hiyo kwa maandishi. Kodi usiiguse, si yako. Kama ulijenga mfumo wa kuhifadhi maendeleo ya mchezaji, jenga mwingine mdogo upya kabisa, uonyeshe huo.

Nitengenezee michezo kwa programu ipi, Unity au Godot?

Soma matangazo ya kazi unazozitaka, ufuate yanachotaka. Unity ilitangaza Septemba 2023 ada inayohesabiwa kwa kila mchezo unaposakinishwa, kisha ikaifuta 2024, na wapo waliohamia Godot, ambayo ni programu huria. Ukiimudu moja, ya pili haikusumbui sana.

Kuna jamaa anataka nimtengenezee geimu bure, eti itanijenga jina. (Msomaji, Dodoma)

Ukitaka kufanya kazi ya bure, ingia Global Game Jam, inayofanyika kila Januari, au Ludum Dare, matukio ambayo watu hutengeneza michezo kwa muda mfupi. Utakaa na mchoraji na mtu wa sauti, mchezo utaisha kwa siku chache, na jina lako litabaki pale. Jamaa yako mtajie bei ya kipande cha kwanza tu, tuseme mwendo wa mhusika, na umwombe malipo ya awali kabla hujafungua kompyuta.