Maswali na majibu: Bendera ya Sultani wa Zanzibar

Bendera ya Sayyid Said ilikuwa na karafuu ngapi? (Tanga)
Hata moja. Swali hili linarudi kila mara na jibu ni lile lile: ilikuwa nyekundu tupu.

Wekundu ule ni damu ya watumwa, sivyo? (Dar es Salaam)
Sivyo. Ubaya wa biashara ya utumwa unajulikana, hauhitaji kutungiwa ushahidi wa kitambaa. Mabusaidi, ukoo wa masultani hawa, walikuja na nyekundu yao kutoka Omani, na Ghuba nzima ilikuwa imeizoea. Katika mkataba wa 1820 Mwingereza aliwataka masheikh waliofanya naye amani waizungushie nyeupe. Ndiyo maana mpaka leo utaona nyekundu na nyeupe Bahrain, Dubai na Ajman. Omani ilibaki na nyekundu tupu hadi 1970. Kwa hiyo ukiuziwa picha ya zamani yenye bendera nyekundu, usikimbilie kuandika "Unguja". Huenda ni Maskati.

Basi karafuu zilitoka wapi? (Chake Chake)
Kwenye uhuru wa 10 Desemba 1963. Katikati ya wekundu liliwekwa duara la kijani, na ndani yake karafuu mbili za manjano. Wengi huzisoma kuwa ni Unguja na Pemba. Manjano yenyewe ni ya heshima tu; wewe wa Pemba unajua karafuu ikishaanikwa jamvini inakuwa kahawia. Mimi linaloniudhi ni kwamba zao lilipewa duara lake, mchumaji hakupewa hata pembe. Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, bendera ikashushwa. Sasa nyinyi mnaoibandika juu ya picha ya Sultani Barghash, aliyefariki 1888, mnatusomesha nini?

Naweza kupambia harusi bendera hii ya karafuu huko Unguja? (Muscat)
Pamba kwa maua. Huko bendera hiyo ni siasa.

Babu anasema ilipepea Fort Jesus wakati wa Mwingereza. Anachanganya? (Mombasa)
Mzee yuko sawa, msikilize. Ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulikuwa wa Sultani; Mwingereza aliukodi 1895 na kuutawala, lakini bendera nyekundu ikabaki juu ya Ngome hadi 1963. Ila wanaoitoa kabatini leo kudai Mwambao ujitenge wasome ukurasa unaofuata: Oktoba 1963, serikali ya Zanzibar yenyewe, chini ya Waziri Mkuu Mohamed Shamte, ilikubali ukanda huo uwe wa Kenya.