Wasomaji Wauliza: Kwa Nini Ahab wa Sinema Alirudi Nyumbani?

SWALI: Ndugu Mhariri, niliitazama filamu ya zamani ya Marekani iitwayo Moby Dick, ya mwaka 1930, kisha nikaisoma riwaya ya Herman Melville kwa mara ya kwanza. Katika filamu, Nahodha Ahab anamuua nyangumi mweupe na kurejea salama kwa mchumba wake. Katika riwaya hakuna mchumba wala kurejea. Ahab anafia baharini na merikebu yake inazama. Je, waliotengeneza filamu hiyo walikuwa wamekisoma kitabu chenyewe?

JIBU: Swali lako ni la haki, na jibu lake linaanza miaka minne kabla ya filamu uliyoitazama. Mwaka 1926 kampuni ya Warner Bros. ilitoa filamu bubu iliyoitwa The Sea Beast, na mwigizaji wake mkuu alikuwa yuleyule uliyemwona wewe, John Barrymore. Mchumba huyo alizaliwa humo. Ahab alipewa jina la ukoo, Ceeley; akapewa mpenzi aitwaye Esther, aliyeigizwa na Dolores Costello; tena akapewa ndugu mwenye wivu, Derek, ambaye ndiye anayemsukuma baharini hata akapoteza mguu kwa nyangumi. Filamu ya 1930 iliifuata zaidi filamu hiyo bubu kuliko ilivyokifuata kitabu. Mchumba aliitwa Faith badala ya Esther, akaigizwa na Joan Bennett, lakini mwisho wa furaha ulibaki palepale.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia kabla ya kuwahukumu. Kwanza, Barrymore alikuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa wakati wake, na watazamaji waliolipa kiingilio walitarajia kumwona akipenda na kupendwa. Riwaya ya Melville, yenye sura 135, karibu haina mwanamke kabisa, na sura zake nyingi zinaeleza aina za nyangumi, mifupa yao na namna mafuta yao yanavyopatikana. Pili, Melville alipofariki mwaka 1891 alikuwa amekwisha kusahauliwa na wengi, na wahakiki walianza kumfufua karibu na mwaka 1919, alipotimiza miaka mia moja tangu kuzaliwa. Kwa hiyo watazamaji wengi wa 1926 hawakuingia ukumbini wakiwa na kitabu kichwani, na kampuni haikuwa na sababu ya kuogopa lawama zao.

Hata hivyo nadhani aliyeandika kisa cha filamu alikisoma kitabu, au angalau alikigusa mahali penye uhai. Nakuomba urudi kwenye sura ya 132. Humo Ahab anamwambia Starbuck, msaidizi wake mkuu melini, kwamba alioa akiwa amevuka miaka hamsini, na kesho yake akatweka tanga akaenda zake, akimwacha mkewe kijana kama mjane ambaye mumewe yu hai. Ana mtoto pia. Starbuck anamsihi wageuze merikebu warudi nyumbani, na kwa kitambo kifupi msomaji anaamini kwamba jambo hilo linawezekana. Kisha Ahab anageuza uso. Kwangu mimi hapo ndipo riwaya nzima inapoamuliwa, maana nyumba ipo, mke yupo, na mtu huyu anaviona vyote viwili na kuvikataa. Filamu imelichukua ombi la Starbuck na kumfanya Ahab alikubali, ila baada ya kumpa ushindi kwanza. Naiona hiyo kuwa hasara kubwa kuliko kuongezwa kwa mchumba, kwa sababu Ahab anayeweza kumuua nyangumi na kupona chuki yake siku hiyohiyo hakuwa na ugonjwa ule ambao Melville aliuandikia sura 135.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba filamu moja iliyotokana na Anna Karenina, riwaya ya Mrusi Tolstoy, ilikuwa na miisho miwili. Ni kweli? Na kama ni kweli, nani aliyekuwa akiuchagua?

JIBU: Ni kweli. Filamu hiyo ni Love, yaani “Mapenzi”, iliyotolewa na kampuni ya MGM mwaka 1927 chini ya uongozaji wa Edmund Goulding, ikiwa na Greta Garbo na John Gilbert. Katika mwisho mmoja Anna anajirusha mbele ya treni, kama alivyoandika Tolstoy. Katika mwingine miaka inapita, mumewe anafariki, na Anna anakutana tena na mpenzi wake Vronsky katika shule ya kijeshi anakosoma mwanawe, wakawa huru kupendana. Wenye majumba ya sinema nchini Marekani waliweza kuchagua mwisho walioona unawafaa watazamaji wao. Jina la filamu nalo lilichaguliwa kwa hesabu za kibiashara: uhusiano wa Garbo na Gilbert ulikuwa ukizungumzwa magazetini, na neno hilo, lilipowekwa karibu na majina yao katika tangazo, lilijitangaza lenyewe. Mwaka 1935 Garbo alimwigiza Anna kwa mara ya pili, safari hii katika filamu yenye sauti iliyoongozwa na Clarence Brown, na humo treni haikuepukwa.

Lakini si kila badiliko lilitokana na tamaa ya mwisho mtamu, kwa kuwa mengine yalitokana na hofu. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba maonyesho ya sinema ni biashara tu, wala hayana ulinzi ambao katiba huvipa vyombo vya habari, hivyo bodi za ukaguzi za majimbo kama Ohio na Pennsylvania ziliendelea kuwa na uwezo wa kukata au kupiga marufuku filamu. Itazame The Hunchback of Notre Dame ya 1923, ambayo Lon Chaney alimwigiza Quasimodo, mpiga kengele mwenye kibiongo. Katika riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1831, mtu anayemtamani Esmeralda, msichana mcheza ngoma, na kumwangamiza ni kasisi, Claude Frollo. Katika filamu kasisi huyo amekuwa mtu mwema, na uovu wake wote umehamishiwa kwa mdogo wake, Jehan, ambaye kitabuni ni mwanafunzi mtundu tu. Baadaye kanuni za maadili zilizoandikwa mwaka 1930, na kusimamiwa kwa ukali kuanzia 1934, zilikataza waziwazi viongozi wa dini kuonyeshwa kama waovu au vichekesho, na ndiyo maana katika filamu nyingine ya riwaya hiyo, ya 1939, Frollo si kasisi bali hakimu. Esmeralda, ambaye Hugo alimnyonga, anabaki hai katika filamu zote mbili. Hugo alikuwa ameandika habari za mtu aliyebanwa kati ya nadhiri zake na tamaa yake, na ukimvua kanzu ya ukasisi, kinachobaki ni mtu mbaya wa kawaida.

SWALI: Je, sheria haikuwalinda waandishi?

JIBU: Iliwalinda kwa sehemu. Mwaka 1907 kampuni ya Kalem ilitengeneza filamu fupi ya Ben-Hur, riwaya ya Lew Wallace, bila kuomba idhini ya yeyote. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 1911 iliamuliwa kwamba kuigeuza riwaya yenye hakimiliki kuwa filamu bila ruhusa ni kosa. Tangu hapo kampuni zililazimika kununua haki. Ila aliyenunua haki kwa kawaida alinunua pia uhuru wa kubadilisha, na vitabu vya zamani ambavyo muda wake wa hakimiliki ulikuwa umekwisha havikuwa na mwenyewe wa kuvitetea mahakamani.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fasihi. Je, ipo filamu ya wakati huo iliyokiacha kitabu mbali na bado ukaiheshimu?

JIBU: Ipo, Mwalimu, na bila kusita naitaja Frankenstein ya 1931, iliyoongozwa na James Whale. Njia yake ilipitia jukwaani, kwa maana iliegemea tamthilia ya Peggy Webling, na hiyo ilikuwa desturi ya wakati ule, kwa kuwa mwandishi wa tamthilia alikuwa amekwisha kufupisha kitabu na kukigawa katika maonyesho. Victor, mwanasayansi wa riwaya ya Mary Shelley anayeumba kiumbe hai, akawa Henry. Kiumbe chake, ambaye katika riwaya ya 1818 anazungumza kwa ufasaha na amemsoma mshairi Milton, akawa bubu. Maabara yenye radi na mitambo, ambayo watu wengi hudhani imetoka kitabuni, haimo, kwani Shelley aliipitia kazi ya kuumba kwa maneno machache mno.

Badiliko ninalolipinga ni lile la ubongo wa mhalifu, ulioibwa ukiwa chupani kwa makosa na kutiwa kichwani mwa kiumbe. Shelley anasema kiumbe alizaliwa na moyo mwema, akaharibika kwa kukataliwa na kila aliyemwona. Filamu inadokeza kwamba uovu ulikuwamo tangu kwenye chupa. Ajabu ni kwamba uigizaji wa Boris Karloff, aliyemwigiza kiumbe huyo, unaupinga muswada wa filamu. Tazama anavyoinua mikono kuelekea mwanga wa jua, au anavyofurahi kurusha maua majini pamoja na mtoto wa kike kando ya ziwa, nawe utaona kwamba mwigizaji huyu, bila kutamka neno lolote, amelirudisha wazo la Shelley ambalo waandishi wa filamu walilitoa.

Kwa darasa lako ningependekeza kuongeza Bride of Frankenstein ya 1935, kazi ya mwongozaji huyohuyo. Humo kiumbe anapokelewa na mzee kipofu anayepiga fidla, na kwake anajifunza maneno machache. Asili ya mzee huyo ni De Lacey wa riwayani, naye kipofu, ambaye filamu ya kwanza ilimwacha kabisa. Waonyeshe wanafunzi filamu zote mbili kwanza, halafu wasome sura ya 11 hadi ya 16 za toleo la 1831, ambamo kiumbe anajisimulia mwenyewe, kisha uwaulize ni maneno gani ya sura hizo Karloff aliweza kuyaigiza akiwa kimya, na ni yapi yasiyoweza kuigizwa bila sauti.