Tundu la ribiti likiwa karibu mno na ukingo

Mkuu wa Mbezi unayejijengea ndege ya seti (vipande vya kiwandani unavyounganisha mwenyewe), umeuliza ufanyeje na tundu lililo karibu na ukingo. Kama tundu kwenye mkunjo wa ubavu wa bawa (kipande cha ndani kinacholipa bawa umbo) liko milimita 5 tu kutoka ukingoni na kiwanda kilichotengeneza seti bado hakijakujibu, usigonge ribiti (pini ya kuunganishia mabamba) hapo. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni panatakiwa angalau mara 2 ya kipenyo cha ribiti. Ribiti ya inchi 1/8 ni milimita 3.2, kwa hiyo unahitaji 6.4. Pakipungua, bamba huanza kupasuka hapo kwa mtikisiko. Wala usipanue tundu uweke ribiti nene zaidi, utazidi kuula ukingo.

Kuandikia kiwanda barua ya "nifanyeje?" peke yake haisaidii. Andika namba ya seti, namba ya kipande, ukurasa wa mchoro, hatua uliyofikia na kipimo chenyewe. Weka picha mbili: ya karibu, rula imelazwa juu ya tundu, na ya mbali inayoonyesha kipande kinakaa wapi. Kisha uliza jambo moja: nikitumie, nikiimarishe au nikibadilishe? Kama kiwanda kiko magharibi mwa Marekani na unataka kupiga simu, saa 2 asubuhi yao ni saa 12 jioni au saa 1 usiku Dar, kutegemea majira.

Jibu likija lichapishe, libandike kwenye daftari la ujenzi, mkaguzi ataliuliza. Na kwa hewa hii ya chumvi, alumini iliyokwaruzika isafishe na kuipaka praima (rangi ya msingi ya kuzuia kutu) mapema, usisubiri barua.