Maswali na majibu: Meneja wa hoteli anaporudi darasani

Ninasimamia hoteli ya vyumba 24 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na tumealikwa kwenye mafunzo ya uendelevu, yaani kuendesha hoteli bila kuharibu mazingira, kwa viongozi. Je, nimtume msimamizi wa usafi badala yangu?

Nenda naye, ila usimtume peke yake. Yeye ndiye anayejua mfereji upi unavuja na mashuka mangapi yanafuliwa kwa siku, lakini hana saini ya kuidhinisha fedha za tangi. Kitazame kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ambacho hakina maji ya kisima: nyumba zake saba za wageni zina mapaa yanayovuna mvua, vyoo vyake vya mboji havitumii maji, umeme wake ni wa jua, na wavuvi wa vijiji jirani walifunzwa wakawa walinzi wa matumbawe. Mambo kama hayo huamuliwa na mwenye mradi kabla msingi haujachimbwa, wala si na mhudumu.

Mafunzo ya namna hiyo yaanzie wapi?

Yaanzie kwenye mita ya maji. Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji ukumbi wala projekta: meneja asome mita saa sita usiku, wageni wakishalala, aandike tarakimu daftarini, kisha arudi na tochi saa kumi alfajiri. Ikiwa zimesogea ilhali hakuna aliyeoga wala kufua, maji yanavuja mahali, na mara nyingi mkosaji ni tangi la choo lisilofunga sawasawa. (Nimewahi kumsubiri meneja mwenye shahada mbili akiulizia mita yenyewe iko wapi.) Huku pwani jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa maji ya visima hutoka kwenye mwamba wa chokaa unaopakana na bahari, yakivutwa kupita kiasi, chumvi huingia, na wa kwanza kuionja ni jirani wa kijijini, kwani mgeni ana maji yake ya chupa.

Cheti kina maana yoyote?

Kwa kijana anayetafuta kazi, kina maana kubwa, na chuo kama Kenya Utalii College cha Nairobi kimekuwa kikifanya kazi hiyo tangu mwaka 1975. Kwa aliyekwisha kukaa kwenye kiti cha umeneja, bora mkufunzi atakayerudi baada ya miezi sita kulikagua lile daftari.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita Lamu. Mwanangu ataka tujiunge na kila tovuti ya kuuzia vyumba. Nikasomee mambo ya kidijitali?

Kasome, mama yangu, lakini usianze na tovuti. Anza na kalenda moja inayoonwa na wote, maana ukiuza chumba kimoja mahali pawili, wageni wawili watashuka jahazini na mabegi yao jioni ileile. Kisha piga hesabu ya kamisheni, yaani fungu linalokatwa na tovuti, kwa kila usiku, ujue unachobaki nacho baada ya kulipa mpishi na mfuaji. La tatu ndilo linalosahaulika: picha za pasipoti zinazorundikana katika simu ya mapokezi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, kwa hiyo picha hizo ni dhamana yako. Kijana wa mapokezi akiacha kazi, badilisha nywila siku hiyohiyo, kabla hajavuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara.