Video inakwamakwama kati ya kompyuta mbili nyumbani? Pima kabla ya kununua chochote

Bibi hakuweza kuja kwenye harusi ya mdogo wangu. Magoti hayakumruhusu kukaa kwenye basi kutoka Morogoro, tukamwahidi kwamba siku akija Dar ataiona shughuli yote kwenye runinga, kuanzia sendofu mpaka keki. Alipokuja tulijaa sebuleni watu kumi na mmoja. Video ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani chumbani kwangu. Laptopu ya sebuleni ilikuwa inaifungua kupitia folda niliyoiruhusu isomwe kwenye mtandao wa nyumbani, na waya wa HDMI unapeleka picha kwenye runinga. Maharusi wamefika mlangoni mwa ukumbi, MC anawaita, picha ikaganda. Sauti nayo ikakata. Ikaenda sekunde nne, ikaganda tena. Bibi akauliza kama ndiyo imeisha.

Niliumia sana. Kuimaliza kazi hii kulinichukua karibu wiki mbili, na naandika ili mwenye tatizo kama langu alimalize kwa jioni moja.

Fedha ya kwanza niliyoipoteza ilikwenda kwenye kifurushi. Kila mtu sebuleni alisema intaneti iko chini, nami usiku uleule nikanunua kifurushi cha kasi zaidi. Hakikubadilisha kitu, na kisingeweza. Video inayotoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya nyumba haifiki kwenye mnara wala haigusi bando. Inatoka kwenye kompyuta, inafika kwenye ruta, inashuka kwenye laptopu, basi. Ukitaka kuhakikisha, kata intaneti lakini ruta iache inawaka, kisha cheza video: itakwama palepale ilipokuwa inakwama.

Kinachowachanganya watu, na mimi kilinichanganya, ni kwamba sinema za mtandaoni zinakwenda vizuri kwenye runinga ileile. Inawezekanaje kitu kinachotoka ng'ambo kifike salama, na kilichopo chumba cha pili kishindwe? Jibu liko kwenye uzito wa faili. Netflix wanapendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa picha kali ya 4K, kwa sababu wameshaibana sana kabla ya kukutumia. Faili la mpiga video wa harusi halijabanwa hivyo. Letu lilikuwa gigabaiti 30 kwa dakika 50. Piga hesabu: dakika 50 ni sekunde 3,000, gigabaiti 30 ni megabaiti 30,000, kila sekunde inabeba megabaiti 10. Mtandao unahesabiwa kwa biti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo zidisha mara 8. Unapata megabiti 80 kwa sekunde, zaidi ya mara tano ya 4K ya Netflix. Hesabu hii ifanye kabla ya kugusa waya wowote. Bila namba hiyo utakuwa unabahatisha tu.

Halafu fanya jaribio ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama kungekuwa na wa kuniambia: nakili faili kwenye laptopu yenyewe, kwa flashi au diski ya nje, na ulicheze hapohapo bila mtandao. (Flashi ikiwa imeandaliwa kwa mpangilio wa mafaili uitwao FAT32 itakataa faili linalozidi gigabaiti 4 hata kama ina nafasi tele. Iandae upya kwa exFAT, ukishahamisha vilivyomo.) Likienda vizuri, tatizo lako liko njiani. Likikwama hata hapo, mtandao hauna kosa, na waya mpya hautakusaidia.

Sikio nalo linasaidia. Picha na sauti zikisimama pamoja, zikasubiri, kisha zikaendelea pamoja, mara nyingi ni mtandao: data haijafika. Sauti ikiendelea kama kawaida huku picha inaburuzika au inarukaruka nyuma yake, data imefika ila laptopu inashindwa kuifungua kwa wakati. Sisi tulikuwa na yote mawili, kwenye mafaili mawili tofauti, ndiyo maana nilizunguka sana.

Nianze na faili la harusi, lililosimama sauti na picha pamoja. Niliweka iperf3 kwenye kompyuta zote mbili. Ni programu ya bure ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili, haina madirisha wala vitufe, unaandika amri tu. Kwenye kompyuta ya mezani nikaandika iperf3 -s, kwenye laptopu nikaandika iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya kompyuta ya mezani, kwa mfano 192.168.1.10, kisha -R mwishoni ili data itoke kule ilipo video kuja sebuleni. Windows ikikuuliza kama uiruhusu kwenye mtandao wa nyumbani, kubali. Baada ya sekunde kumi inakupa namba. Yangu ilikuwa megabiti 31. Nahitaji 80, ninazo 31. Hapo nililala, maana angalau nilijua ninatafuta nini.

Kompyuta zote mbili zilikuwa kwenye waifai, na hili watu wengi hawalijui: data inapanda hewani kutoka chumbani hadi kwenye ruta, kisha inashuka hewani tena kutoka kwenye ruta hadi sebuleni, kwenye masafa yaleyale. Vifaa vya masafa hayo vinasema kwa zamu. Kila kipande cha video kinasemwa mara mbili, na kasi yako inagawanyika karibu nusu. Ruta ilikuwa chumbani kwangu, mita mbili tu kutoka kwenye kompyuta ya mezani. Nikachomeka waya wa mtandao (Ethernet) kati ya hivyo viwili. Laptopu sikuigusa, lakini kipimo kikapanda hadi 58.

Kama video yako inahitaji megabiti 20 au 30, huenda ukaishia hapo, na ningekushauri uishie hapo. Ukibaki kwenye waifai, tumia masafa ya GHz 5 kama vifaa vyako vinayo na ukuta ni mmoja. Ukuta wa tofali za saruji unaidhoofisha haraka kuliko GHz 2.4. Ukilazimika kubaki kwenye 2.4, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wameiacha wazi zaidi. Itoe ruta nyuma ya friji. Kwenye laptopu, zima ile hali ya kubana matumizi ya umeme ya kadi ya waifai.

Kuna ushauri utakaousikia sana wa kuongeza akiba (video inayosomwa mapema kabla ya kuonyeshwa) kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kutoka milisekunde 1,000 hadi 3,000 au 5,000. Nimeujaribu, na una mahali pake. Ufikirie kama simtanki. Maji yakikatika kwa saa mbili, tanki kubwa linawaokoa. Lakini kama maji yanayoingia kwa siku ni pungufu ya mnayotumia, tanki kubwa linachelewesha tu saa ya kukauka. Kwa megabiti 58 dhidi ya 80, akiba ilinipa utulivu kidogo mwanzoni, kisha ukwama uleule.

Nikaamua kuvuta waya hadi sebuleni. Nilinunua waya wa mita 20 uliokwisha kufungwa plagi pande zote, nikaupitisha juu ya dari mbali na nyaya za umeme. Nikapima: megabiti 94. Nikashangilia, tukaita watu, video ikaenda vizuri dakika kumi nzima. Ilipofika kwenye mduara, kamera inazunguka, vitenge vinapepea, taa zinawaka na kuzimika, ikaganda.

Hapo nilijifunza mambo mawili. La kwanza, 80 ni wastani. Watu wakiwa wamekaa wanasikiliza nasaha, picha haibadiliki sana na data ni chache. Ukumbi mzima ukianza kucheza, inapanda kupita 100 kwa muda. La pili, ile 94 yenyewe ni ushahidi. Ukipima waya ukapata 94 au karibu yake, karibu kila mara maana yake kiungo, yaani kasi ambayo vifaa viwili vimekubaliana kwenye waya, kimeshuka hadi megabiti 100, na zile sita zinazopungua ni taarifa za anwani zinazofungwa na kila kipande cha data. Kiungo cha megabiti 1,000 kilicho salama hutoa 940 hivi.

Matundu ya ruta yetu yalikuwa ya 1,000, na kompyuta zote pia. Uliobaki ni waya. Nikaichomoa plagi ya upande wa sebuleni nikaishika dirishani kwenye mwanga. Plagi ile ni ya plastiki inayoonyesha ndani, na ukiitazama kwa mbele unapaswa kuona ncha za nyaya nane zimefika mpaka kwenye ukuta wa mbele wa plagi. Niliona saba. Ule wa kahawia, wa mwisho kulia, uliishia kabla ya meno ya shaba, umejikunja kidogo. Kasi ya 100 inatumia nyaya nne tu: jozi ya chungwa na jozi ya kijani. Kasi ya 1,000 inataka zote nane. Kwa hiyo waya wenye hitilafu ya namna hii haufi. Unafanya kazi kila siku, taa zinawaka, na hakuna anayeushuku.

Nilikata plagi, nikapanga upya: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Nikasukuma mpaka zote nane zikagusa ukuta, nikabana kwa koleo ya kubania plagi niliyoazima kwa fundi wa mtaani kwetu. Kipimo: 941. Ukiwa huna koleo, mpelekee fundi, kazi yenyewe ni ya dakika tano. Na ukikuta ruta yako ina matundu ya 100 tu, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, huna haja ya kuibadilisha. Nunua swichi ndogo ya mtandao ya gigabiti (megabiti 1,000), chomeka kompyuta zote mbili humo, kisha waya mmoja uende kwenye ruta.

Faili la sendofu lilikuwa kinyume kabisa. Alilirekodi binamu yangu kwa simu, 4K, megabiti zisizozidi 25 kwa sekunde. Jepesi mara tatu ya lile la harusi, na bado lilikuwa linaburuzika vibaya zaidi, sauti ikitangulia. Hata nilipolinakili kwenye laptopu, hali ileile. Simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa H.265, njia ya kubana video ambayo inabana kuliko ile ya zamani, H.264, lakini inadai nguvu kubwa kuifungua. Laptopu yetu ni ya mtumba, Intel ya kizazi cha 4. Intel walianza kuweka ufunguzi kamili wa H.265 ndani ya chipu kwenye kizazi cha 6, mwaka 2015, na ule wa biti 10 (video yenye rangi nyingi zaidi) kwenye kizazi cha 7. Kabla ya hapo prosesa inabeba sehemu kubwa ya mzigo yenyewe; ukifungua orodha ya kazi za Windows (Task Manager) utaiona imegonga asilimia 100 na feni inapiga kelele.

Sikununua laptopu. Niliweka HandBrake, programu ya bure, kwenye kompyuta ya mezani, nikalibadilisha faili kuwa H.264 ya 1080p (picha ndogo kuliko 4K), nikaiacha ifanye kazi usiku. Runinga yetu yenyewe ni ya 1080p, kwa hiyo hakuna kilichopotea machoni. Faili la asili nimelihifadhi, nawe usilifute lako.

Jumapili iliyofuata Bibi alikaa kiti cha mbele. Mdogo wangu aliingia ukumbini, MC akaita, picha ikaendelea. Ilipofika pale mama anapofunguliwa kanga mpya na kufunikwa begani, Bibi akainua mkono: "Rudisha hapo." Nikarudisha. Akasema tena, nikarudisha tena, mara nne, na kila mara picha ilirudi palepale kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe.