Unataka kuvaa kimono? Uliza kwanza kanuni ilianza lini

Kila maua ya mcheri yakikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa watu wa nyumbani wanaokuja Japani kwa masomo, mikutano au matembezi tu. Swali ni lile lile: dada, sisi tunaruhusiwa kuvaa kimono? Jibu langu ni fupi: vaa. Hapo huja swali la pili, nalo ndilo lenye kazi: masharti yake ni yapi? Ukiingia mtandaoni utakuta makatazo chungu nzima, yote yameandikwa kwa ukali mmoja, mpaka mtu anaona heri abaki na suruali yake.

Mimi naishi Kyoto, na nilifundishwa kuvaa na mama mmoja mtu mzima asiyetaka utani mbele ya kioo. Ushauri wangu ni huu: ukiambiwa sharti lolote la kimono, uliza lilianza lini. Vazi lenyewe lina historia ya zaidi ya miaka elfu moja, ila masharti yake hayalingani umri. Yapo ya kale kweli kweli, na yapo yaliyokazwa juzi tu, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukishajua tarehe, utajua pa kusimama imara na pa kujiachia.

Tuanze na lile lisilo na mjadala. Upande wa kushoto wa nguo hulala juu ya upande wa kulia. Amri hiyo ilitoka mwaka 719, makao ya mfalme yakiwa Nara na watu wa kasri wakifuata adabu na mavazi ya China ya nasaba ya Tang. Kulia juu ya kushoto ndivyo anavyovikwa maiti. Haijalishi wewe ni mwanamume au mwanamke, nguo ni hariri au pamba, ya harusini au ya kulalia hotelini: ukifunga kinyume, kila mzee atakayekuona njiani atashtuka, na huenda mmoja akakusogeza pembeni akurekebishe. Kipimo ni rahisi. Mkono wako wa kulia uweze kuingia kifuani mwa nguo bila kukwama. Usijipime kwa picha ya kamera ya mbele ya simu, maana simu nyingi huigeuza ikawa kama ya kioo.

Sasa nenda kwenye umbo la nguo. Wengi hudhani mabibi wa kasri wa zamani walivaa hivi tunavyoona leo. Hapana. Enzi ya Heian, kuanzia mwaka 794 mji mkuu ulipohamia hapa Kyoto, mwanamke wa hadhi alivaa majoho mengi, moja juu ya jingine, na ufundi ulikuwa katika kupanga rangi zinazochungulia mikononi na pindoni ziendane na majira. Chini kabisa ya marundo hayo kulikuwa na nguo nyepesi yenye tundu dogo la mkono, inaitwa kosode. Karne zilivyopita majoho ya juu yakapunguzwa moja moja, mpaka kosode ikabaki peke yake nje. Kimono unayoiona leo ni mjukuu wa nguo ya ndani. Huwa nakumbuka jambo hilo mtu akianza kunihubiria juu ya utakatifu wa mkunjo fulani wa kiunoni.

Kipindi ninachokipenda mimi ni Edo, 1603 hadi 1868. Nchi imetulia, wafanyabiashara wana fedha, lakini kwa cheo wako chini ya samurai, mashujaa wa upanga, ambao wengi wao walikuwa na madeni. Serikali haikupenda kuona muuza mchele anapendeza kuliko bwana wake, ikawa inatoa amri za kuzuia anasa. Mwaka 1683 ilikataza nakshi za nyuzi za dhahabu na kitambaa cha vidoto vya kufungafunga uzi kabla ya kutia rangi, kilichojaa nguo nzima. Mafundi walifanya nini? Wakashika brashi. Uchoraji wa rangi moja kwa moja juu ya hariri, unaoitwa yuzen kwa jina la mchoraji wa mapepeo wa Kyoto, Miyazaki Yuzensai, ulishamiri wakati huohuo. Na wateja nao wakajifunza kuficha. Mwanamume wa mjini alitoka na koti la kijivu au kahawia tupu, bitana yake ikiwa na mchoro wa bei ya kutisha usioonekana mpaka avue. Kahawia na kijivu zenyewe zikapewa majina kwa makumi, kila kivuli na jina lake. Kwa hiyo ukienda dukani ukaona kimono ya rangi moja iliyopoa, usiipite ukidhani ni ya maskini. Ikaribie. Mara nyingi ni vidoto vidogo mno vilivyochapwa kwa mkono, na bei itakueleza.

Enzi hiyohiyo ndiyo iliyotuletea jambo ambalo akina dada wenzangu wa pwani, sisi wa mitandio, huniuliza sana: ukosi kuvutwa nyuma hadi shingo ionekane. Mitindo ya nywele ya wakati ule ilipakwa mafuta na kutokeza kisogoni, hivyo ukosi ulisogezwa usichafuke, baadaye shingo yenyewe ikahesabiwa kuwa urembo. Huoni kwamba si sharti la dini wala la heshima? Mwambie anayekuvisha aulaze ukosi karibu na shingo, vaa mtandio wako wa rangi inayokubaliana na mshipi, basi. Maduka mengi ya kukodisha hapa Kyoto yameshazoea wageni wa Indonesia na Malaysia, hawatakushangaa.

Nyeusi ya msibani ni habari tofauti. Zamani Wajapani waliomboleza kwa nyeupe. Nyeusi ilishika baada ya mwaka 1868, serikali mpya ya mfalme Meiji ilipoanza kuiga desturi za Ulaya. Mwaka 1873 mfalme mwenyewe alipigwa picha amevaa sare ya kijeshi ya kizungu. Sharti hili ni changa, lakini usilichezee hata kidogo, maana lina msiba ndani yake. Kimono nyeusi tupu yenye alama tano za ukoo ni ya mfiwa. Nyeusi yenye alama hizohizo lakini yenye michoro pindoni ni ya mama wa bwana au bibi harusi na ndugu zao wa karibu. Zote mbili utazikuta kwenye mitumba kwa bei ya kutupa, na wageni huzinunua bila kujua. Ziache, labda kama unataka kitambaa cha kushonea kitu kingine.

Yaliyobaki, yale ya mshipi upi unaendana na kimono ipi, mwezi gani uvae yenye bitana, fundo lipi lifae umri upi, mengi yalikazwa na shule za kufundisha kuvaa zilizoenea tangu miaka ya 1960. Sababu inaeleweka. Wakati wa vita anasa ilipigwa marufuku kwa amri ya Julai 1940, wanawake wakavaa suruali za kazi, kisha amani iliporudi wasichana walikulia kwenye gauni. Ujuzi uliokuwa wa mama na binti ukawa wa darasani, na darasa likataka majibu ya ndiyo na hapana. Kwa adabu, yafuate kwenye harusi na sherehe ya chai. Barabarani, siku ya jua kali mwezi Mei, vaa isiyo na bitana. Mwalimu wangu mwenyewe siku hizi hufanya hivyo, ila hasemi.

Vipi kuhusu wanaosema ni kuiba utamaduni wa watu? Mwaka 2015 jumba la makumbusho la Boston, Marekani, liliwaalika wageni wajaribu kimono mbele ya mchoro wa Mfaransa Claude Monet wa mwaka 1876, ule wa mkewe akiwa na kimono nyekundu, na waandamanaji wakaja kupinga. Mwaka 2019 Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, alitaka kuziita nguo zake za ndani Kimono. Meya wa Kyoto akamwandikia barua, jina likabadilishwa. Nadhani tofauti iko wazi: mmoja anavaa, mwingine anataka kumiliki jina. Wafumaji wa mtaa wa Nishijin hapa Kyoto wanazeeka na wateja wanapungua, na sijakutana na hata mmoja aliyechukia kuona nguo yake juu ya mwili mweusi. Tena sisi na wao tumeuziana vitambaa zamani. Miaka ya 1930 nguo za pamba za Japani zilijaa masoko ya Afrika Mashariki, na baada ya vita viwanda vya Osaka na Kyoto vilichapisha kanga zenye majina ya Kiswahili kwa ajili ya bibi zetu.

Sasa mambo ya mwili, maana hakuna anayekwambia. Kimono inataka uwe kama gogo. Mimi nimetafuta maisha yangu yote gauni linaloonyesha kiuno, na mwalimu akanizungushia taulo kiunoni mpaka kiuno kikapotea. Kubali taulo, mshipi utakaa na hutaumia mbavu. Unaponunua, pima kutoka mfupa wa nyuma ya shingo, juu ya bega, hadi kifundo cha mkono, kwani za zamani zilishonwa kwa watu wafupi. Ikipungua kidogo tazama ndani ya mshono: kitambaa cha kimono kina upana wa karibu sentimita 36 hadi 38, hukatwa kwa mistari iliyonyooka na ziada hukunjwa bila kutupwa, kwa hiyo fundi anaweza kuifungua.

Mitumba mizuri hapa Kyoto iko kwenye gulio la hekalu la Toji kila tarehe 21 na la Kitano Tenmangu kila tarehe 25. Nenda asubuhi, inuse nguo kabla ya kuulizia bei. Harufu ya ukungu kwenye hariri haitoki. Na ukirudi nayo Tanga au Mombasa, usiitundike kabatini. Ikunje kwa mishono yake, ifunge kwa karatasi, uianike kivulini hewa ikiwa kavu. Kama kazi hiyo huitaki, chukua yukata, kimono nyepesi ya pamba. Inafuliwa kwenye beseni kwa sabuni ya kawaida.